Mahekalu 88 ya Shikoku: Njia ya Ziara na Ukarimu wa Wenyeji Wake

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kuwapeleka wasomaji wetu mbali, mpaka nchi ya Japani, katika kisiwa kiitwacho Shikoku. Huko iko njia ya kale ambayo watu huifuata kwa miguu ili kuzuru mahekalu 88 ya dini ya Buda. Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za hija, na labda jirani au mtu wa ukoo wenu amekwenda Makka au Yerusalemu akarudi. Ziara ya Shikoku ni ya namna nyingine. Haina mji mmoja ambao ndio mwisho wa safari; ni mzunguko, na amalizaye hujikuta karibu na pale alipoanzia. Lakini si mahekalu hasa tutakayoyaeleza. Twataka kueleza habari za watu wakaao kandokando ya njia, na jinsi mgeni asiyejua hata jina la kijiji chao apokewavyo kama mtu aliyekuwa akingojewa.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Japani ina visiwa vikubwa vinne, na Shikoku ndicho kidogo kuliko vyote. Maana ya jina lake ni "nchi nne", kwa kuwa zamani kiligawanyika katika majimbo manne: Awa, Tosa, Iyo na Sanuki. Siku hizi majimbo hayo huitwa Tokushima, Kochi, Ehime na Kagawa. Katikati ya kisiwa ni milima yenye misitu mikubwa, na watu wengi hukaa pwani na mabondeni, wakilima mpunga na machenza, na kuvua samaki. Njia ya ziara hukizunguka kisiwa chote, na urefu wake ni kilometa 1,200 hivi, yaani maili 750. Huo ni karibu sawa na urefu wa reli kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma. Mtu mwenye miguu mizuri huimaliza kwa siku 40 mpaka 50. Mwaka 1953 mabasi ya ziara yalianza kuwachukua watu, na tangu hapo wengi huenda kwa basi au kwa motokaa. Walakini watembeao kwa miguu wangaliko, nao ndio tutakaowafuata.

Mahekalu hayo yote yanamkumbuka mtu mmoja, jina lake Kukai, ambaye baada ya kufa aliitwa Kobo Daishi, maana yake "mwalimu mkuu aliyeieneza sheria". Alizaliwa Shikoku mwaka 774. Mwaka 804 alivuka bahari kwenda China kutafuta elimu ya dini, akarudi mwaka 806 akiwa na vitabu vingi. Mwaka 816 alipewa mlima Koya, katika kisiwa kikubwa cha Honshu, akajenga huko makao ya watawa wake. Alifariki mwaka 835. Wafuasi wake hawasemi kwamba amekufa. Husema kwamba yu katika kutafakari huko Koya, na kwamba roho yake hutembea daima katika njia ya Shikoku pamoja na kila msafiri. Tafadhalini likumbukeni neno hili, maana bila hilo desturi za watu wa njia haziwezi kueleweka.

Msafiri wa ziara huitwa henro, na watu wa Shikoku kwa heshima humwita ohenro-san. Utamtambua kwa mavazi yake. Huvaa joho jeupe; kichwani ana kofia pana ya chane, mfano wa kawa la kufunikia chakula; mkononi ana fimbo ya mti. Weupe wa joho ni weupe wa sanda. Zamani safari ilikuwa ya hatari, na aliyefia njiani alizikwa katika nguo zile zile, na fimbo yake ikasimikwa juu ya kaburi kuwa alama. Basi henro huvaa tayari kwa kifo, lakini hatembei peke yake. Juu ya kofia yameandikwa maneno yenye maana ya "wawili safarini pamoja". Wa pili ni Kobo Daishi, na fimbo ndiyo mfano wake. Kwa sababu hiyo msafiri afikapo penye malazi huiosha fimbo yake kwanza, kisha ndipo aoshapo miguu yake mwenyewe.

Aghalabu safari huanza katika hekalu la kwanza, Ryozenji, huko Tokushima. Katika kila hekalu msafiri hunawa, hupiga kengele, huwasha mshumaa na vijiti vya udi, husoma sala zake mbele ya majengo mawili, kisha huenda kwa mwandishi wa hekalu ambaye hulichora jina la hekalu kwa wino katika kitabu chake na kupiga mihuri myekundu. Jimbo la Tokushima lina mahekalu 23, na la 12, liitwalo Shosanji, liko mlimani, na pandio lake limepewa jina la "mahali pabiringishapo wasafiri". Kochi ina 16 tu, lakini ndiyo yenye mwendo mrefu kuliko zote: toka hekalu la 23 hata la 24 ni kilometa 75 hivi kando ya bahari kuu, na toka la 37 hata la 38 ni zaidi ya 80. Ehime ina 26, na Kagawa 23. Watu husema kwamba jimbo la kwanza ni la kuamka, la pili la kujitesa, la tatu la kufahamu, na la nne la kupata raha ya moyo.

Sasa tuje kwa wenyeji. Mathalani msafiri anapita kijijini asubuhi, na mama mzee aliyeinama shambani anamwona. Yule mama anaacha jembe, anakwenda mbio nyumbani, anarudi na machenza matatu, au matonge ya wali, au kikombe cha chai, anayatoa kwa mikono miwili, huku akiinama. Hakuulizwa kitu, wala hauzi kitu. Tendo hilo huitwa osettai. Zamani watu walitoa ndara za mabua ya mpunga, kwa kuwa viatu vya msafiri vilichakaa kila siku. Wengine waliwanyoa nywele wasafiri. Siku hizi hutoa matunda, peremende, taulo, au sarafu chache za kununulia maji. Wengine hutoa chumba cha kulala bila malipo. Wako hata watu wa Wakayama, ng'ambo ya mlango wa bahari, ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakivuka maji wakati wa machipuko, wakileta machenza yao ili kuwapa wasafiri wasiowajua.

Yatupasa kuuliza, mtu hutoaje hivi kwa mgeni ambaye hatamwona tena maisha yake? Wenyeji wana majibu matatu. La kwanza ni lile tulilokwisha kulitaja: amwonapo henro, mwenyeji humwona pia yule wa pili asiyeonekana, na chenza lile hupewa Kobo Daishi kwa mkono wa msafiri. La pili ni kwamba mtoaji naye husafiri kwa njia ya kutoa. Mama yule ana shamba, ana mume mgonjwa, hawezi kutembea siku 40. Lakini kipande cha nguvu za msafiri kimetoka katika wali wake, na kwa hiyo sehemu ya ziara ni yake. Tena huweza kusema, "Niombee huko uendako", na msafiri hulichukua ombi hilo mpaka hekalu lijalo. La tatu ni desturi tu: mama yake alifanya hivyo, na bibi yake kadhalika, naye aliona tangu utoto kwamba henro hapiti mlangoni hivi hivi. Sisi Waswahili tuna methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Watu wa Shikoku hawaijui methali hiyo, lakini wameishi kwayo miaka mamia.

Kupokea nako kuna adabu yake. Aliye masikini huona haya kupewa kwa sababu atadhaniwa mwombaji. Aliye tajiri huona haya kwa sababu angeweza kujinunulia. Wote wawili husukumwa na kiburi kusema, "La, ahsante, sihitaji." Desturi ya Shikoku yakataza jibu hilo. Henro hatakiwi kuomba, wala kuchagua, wala kukataa. Maana akikataa, hajamkataa mama mzee peke yake. Amemkataa na yule anayetembea naye, tena amemnyima mama sehemu yake ya safari. Basi hupokea kwa mikono miwili, huinama, hulitamka jina la Kobo Daishi kwa kumshukuru, kisha hutoa mfukoni kipande chembamba cha karatasi kilichoandikwa jina lake, mji wake, tarehe, na dua yake, akampa mwenyeji.

Karatasi hizo zina mambo ya kupendeza. Aliyezunguka mara chache hubeba nyeupe, na rangi hubadilika kadiri mizunguko inavyoongezeka: kijani, nyekundu, fedha, dhahabu, hata aliyefikisha mara 100 hubeba za kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za rangi. Zamani wenyeji walizikusanya, wakazitia katika vifurushi vya mabua na kuvitundika darini, wakiamini kwamba huikinga nyumba na balaa. Tazameni basi jinsi mambo yalivyopatana. Mwenyeji ametoa chakula ambacho kitaisha leo. Mgeni ametoa kitu ambacho kitakaa darini miaka mingi. Hakuna aliyebaki na deni, na hakuna aliyelipwa. Methali yetu yasema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri". Na huko twaona kwamba kupokea nako ni moyo.

Lakini tusidhani kwamba watu wa Shikoku walizaliwa wakarimu kuliko watu wengine. Hadithi zao wenyewe zaonyesha kwamba ukarimu huo ulifunzwa. Husimulia habari za tajiri mmoja wa Iyo, jina lake Emon Saburo. Mtawa mwenye nguo mbovu alisimama mlangoni pake akiomba chakula, naye akamfukuza. Mtawa akarudi siku baada ya siku, na siku ya nane tajiri akalipiga bakuli lake kwa ufagio, likavunjika vipande vinane. Baadaye wanawe wanane wakafa mmoja baada ya mmoja. Ndipo akatambua kwamba yule alikuwa Kobo Daishi, akaacha mali yake akamfuata kisiwani kote ili aombe msamaha. Alizunguka mara 20 asimpate. Mara ya 21 akageuza njia, akazunguka kinyume, akaanguka katika pandio la Shosanji akiwa karibu kufa. Na hapo Daishi akamtokea akamsamehe. Kwa kuikumbuka hadithi hiyo, katika kila mwaka wenye siku 366 wasafiri wengi huifuata njia kinyume, wakiamini kwamba kuna baraka zaidi.

Hadithi nyingine ni ya daraja moja katika mji wa Ozu, huko Ehime. Husema kwamba Kobo Daishi alifika hapo usiku wa baridi, akaomba malazi nyumba kwa nyumba asipewe, akalala chini ya daraja akiwa na njaa, na usiku ule mmoja ukawa mrefu kama usiku kumi. Kwa sababu hiyo mpaka leo henro avukapo daraja lo lote huinua fimbo yake isiligonge, asije akamwamsha Daishi alalaye chini. Fikirini jambo hili: katika safari nzima, kila mto uvukwapo, mkono wa msafiri unaikumbuka milango iliyofungwa usiku mmoja wa kale.

Na katika tarehe za kweli twaona kwamba mambo yalikuwa makubwa kuliko machenza. Zamani za watawala wa Edo, kuanzia miaka ya 1600, mtu hakuweza kutoka jimboni kwake bila barua ya ruhusa. Barua za baadhi ya wasafiri wa ziara zilisema kwamba mtu huyu akifa, azikwe pale pale kwa desturi ya mahali, na hapana haja ya kupeleka habari kwao. Wengi waliokwenda walikuwa wagonjwa, vipofu, wajane, na watu waliofukuzwa kwao kwa ajili ya ukoma. Walishika njia si kwa kupenda kutembea, ila kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine. Vijiji viliwapa chakula, viliwauguza, na vilichimba makaburi yao, ambayo mengine yangaliko kando ya njia. Mzigo huo haukuwa mwepesi, na watawala wa Tosa, wakiogopa ombaomba, waliwalazimisha wasafiri kuingia kwa milango maalumu ya mpaka na kutoka upesi.

Wako pia watu waliotoa kazi badala ya chakula. Mtawa mmoja aliyeitwa Shinnen aliandika kitabu cha kuwaongoza wasafiri, kilichopigwa chapa mwaka 1687, na alisimika mawe ya kuonyesha njia. Baada yake alikuja Nakatsukasa Mohei, aliyezaliwa mwaka 1845. Huyo aliondoka kwao akiwa kijana, akaizunguka Shikoku mara 280 hivi mpaka alipofariki mwaka 1922, na katika mizunguko hiyo alisimika mawe zaidi ya 200. Msafiri wa leo, akiwa na ramani katika simu yake, bado hufurahi kuliona jiwe lake penye njia panda.

Twapenda kumtaja na mwanamke mmoja, Takamure Itsue. Mwaka 1918 alipokuwa na umri wa miaka 24 aliondoka kwao Kumamoto, karibu bila fedha, akaandika habari za safari yake katika gazeti la huko. Kabla hajavuka bahari kwenda Shikoku alipata malazi kwa mzee wa miaka 73, ambaye hakuridhika kumpa chumba tu. Alifunga mzigo wake akamsindikiza ziara nzima. Baadaye Takamure akawa mwandishi mashuhuri wa tarehe ya wanawake wa Japani.

Siku hizi wasafiri wa nchi za Ulaya, Amerika na Asia huonekana pia katika njia, na wengi wao hawajui Kijapani ila maneno machache. Jambo la ajabu ni kwamba desturi yenyewe huwasaidia. Mwenyeji hana haja ya kuuliza, "Wewe ni nani, dini yako nini, umekuja kwa nini?" Joho jeupe limekwisha kujibu. Na mgeni hana haja ya hotuba. Akijua kuinama, kushukuru, na kutoa karatasi yake, amekwisha kusema yote yapasayo. Liko jambo moja tu liwatatizalo. Mtu ameweka nia ya kutembea hatua zote, na mwenye motokaa anasimama mvuani amchukue. Akipanda, nia yake imevunjika. Asipopanda, amekataa osettai. Wengine hupanda, wakisema kwamba nia iliyo ngumu kuliko huruma ya jirani si nia njema. Wengine hukataa kwa upole, wakaeleza, wakatoa karatasi yao vile vile.

Wala tusiyafiche mabaya. Mwaka 2014 katika baadhi ya vibanda vya mapumziko zilionekana karatasi zilizobandikwa, zikisema njia hii ilindwe isiingiliwe na watu wa Korea. Zilibanduliwa, na magazeti ya Japani yakaandika habari hizo. Wako na wasafiri walioifanya osettai kuwa riziki yao, wakizunguka mwaka baada ya mwaka kwa kula cha wengine. Tena vijiji vyenyewe vinapungua. Vijana wamekwenda Osaka na Tokyo, nyumba nyingi zimefungwa, na wazee waliosimama mlangoni na kikombe cha chai wanazidi kuwa wachache. Mwaka 2015 serikali ya Japani iliitia ziara ya Shikoku katika orodha ya urithi wa nchi. Ni heshima kubwa. Lakini orodha haipiki wali. Desturi ya namna hii huishi kwa muda ule tu ambao mtu mmoja huacha jembe lake akakimbia nyumbani.

Karibu na hekalu la 88 iko nyumba ambapo waliokwenda kwa miguu huandikisha majina yao na kupewa hati. Kisha wengi huvuka kwenda mlima Koya kumshukuru Kobo Daishi kwa kuwa pamoja nao. Ukiwauliza ni hekalu gani lililowapendeza, hufikiri kitambo kabla ya kujibu. Lakini ukiwauliza ni nani aliyewapa kitu njiani, hujibu mara moja, nao huweza kutaja siku, mahali, na namna ya tunda.

Basi hizo ndizo habari za njia ya Shikoku. Huenda wengi wetu hatutafika huko. Lakini njia zetu nazo zina wapitao: mwalimu mgeni, mgonjwa aendaye hospitali, mtoto aliyetumwa mbali. Kwa kuwatendea mema hatuhitaji joho jeupe wala mahekalu 88. Kwaherini, mpaka mazungumzo mengine.